Taa ya gurudumu na hatari ya kulizoea onyo

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii, ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anaifahamu, ina elimu kubwa kuliko tunavyodhani. Mawingu si mvua wala hayafanani na mvua, lakini baina ya mambo hayo mawili pana uhusiano wa sababu na matokeo, na anayeujua uhusiano huo huanua nguo zake kabla hazijalowa. Sisi tunaofundisha isimu huitumia methali hii tunapowaeleza wanafunzi maana ya ishara. Nami nimeitumia kwa miaka mingi, bila ya kujua kwamba siku moja nitakuja kufundishwa somo hilo hilo upya, si na kitabu wala na profesa, bali na taa ndogo ya manjano ndani ya gari kuukuu, katika nchi ya ugenini, wakati wa theluji.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika mji wa Bayreuth, kaskazini mwa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani. Msomaji asistaajabu, kwani lugha yetu ina makao ya siku nyingi katika vyuo vikuu vya nchi hiyo, na mji huo ni mahali ambapo wapenzi wa Kiswahili kutoka pembe mbalimbali za dunia wamekuwa wakikutana katika kongamano la kila mwaka. Nilimkuta mhadhiri mwenzangu akijiandaa kuhama, naye akaniuzia gari lake kwa bei ya kirafiki. Pamoja na gari hilo alinikabidhi magurudumu manne mengine, matairi yakiwa yamekwisha fungwa kwenye rimu zake, yamepangwa moja juu ya jingine katika ghala la chini ya nyumba. "Hivi ndivyo viatu vyake vya baridi," akaniambia kwa Kiswahili safi. "Ikifika Oktoba mvalishe."

Kwetu sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa Ikweta, tairi ni tairi. Tunalinunua, tunalitumia hadi mistari yake ifutike, na baadhi yetu, Mungu atusamehe, tunalitumia hata baada ya hapo. Huko Ulaya mambo ni tofauti. Raba ya tairi la majira ya joto huanza kuwa ngumu halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na raba ngumu haishiki barabara. Tairi la baridi hutengenezwa kwa raba laini zaidi, tena hukatwa mistari mingi myembamba ya kuuma theluji. Wajerumani wana msemo kwamba tairi la baridi huvaliwa kutoka O hadi O, yaani tangu Oktoba hadi Ostern, ambayo ndiyo Pasaka. Tangu Desemba 2010 sheria yao inakataza kuendesha gari bila ya matairi yanayofaa wakati barabara ina theluji au barafu, na tangu Oktoba 2024 matairi hayo sharti yawe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Basi Oktoba ilipofika nilikwenda katika karakana moja, nikavuliwa magurudumu ya joto na kuvalishwa yale ya baridi. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Nilipowasha gari kuondoka, taa moja ya manjano iliyo mbele ya usukani ikaanza kumetameta. Ilimetameta kwa muda wa dakika moja na ushei, kisha ikatulia ikiwaka moja kwa moja. Picha yake ilikuwa kama chungu kilichokatwa katikati, na ndani ya chungu mna alama ya mshangao. Nilirudi kumwuliza fundi. Akacheka kwa upole, akaniambia kuwa magurudumu yangu ya baridi hayana vihisi, na vihisi vinne vipya vina gharama. "Usiijali," akasema. "Itazimika yenyewe wakati wa Pasaka." Mimi, mgeni mwenye familia ya kulisha nyumbani, nilifurahi kusikia kuwa jambo hilo halihitaji fedha.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze taa hiyo ni nini na ilitoka wapi. Mnamo mwaka wa 2000 huko Marekani ilibainika kwamba matairi ya Firestone yaliyofungwa hasa kwenye magari ya Ford Explorer yalikuwa yakiambuka tabaka lake la juu mwendoni, na magari yakipinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mamilioni ya matairi yakarudishwa kiwandani, na mwaka huo huo bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ambayo, pamoja na mambo mengine, ilidai kwamba gari liwe na uwezo wa kumwonya dereva tairi linapopungukiwa na upepo. Kufikia Septemba 2007 kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani lilipaswa kuwa na mfumo wa kumwonya dereva shinikizo linaposhuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichowekwa. Jumuiya ya Ulaya ikafuata: aina mpya za magari ya abiria tangu Novemba 2012, na kila gari jipya la abiria tangu Novemba 2014.

Onyo hilo linaweza kupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja. Ndani ya kila gurudumu, nyuma ya vali ya kujazia upepo, hutiwa kihisi kidogo, kikiwa na betri na redio yake. Gurudumu likizunguka, kihisi huamka, hupima shinikizo la hewa na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Njia ya pili haina kihisi chochote ndani ya gurudumu. Kompyuta husikiliza tu mwendo wa kila gurudumu kupitia mfumo wa breki. Tairi lililopungukiwa na upepo huwa limebonyea, kimo chake kimepungua, kwa hivyo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake ili kwenda masafa yale yale. Kompyuta ikiona gurudumu moja lina haraka kuliko mengine, hushuku upungufu.

Gari langu lilikuwa la aina ile ya kwanza, na hapo ndipo penye tatizo la kubadilisha magurudumu kwa majira. Kila kihisi kina namba yake ya pekee, na gari hukubali habari za wale tu linaowajua kwa namba. Ukileta magurudumu mengine, umeleta wageni. Mwenye gari basi ana njia kadhaa. Anaweza kuwa na rimu seti moja tu na kuyavua matairi kila majira, akihatarisha kuvunja vihisi kwa vyuma vya kung'olea. Anaweza kununua vihisi vya seti ya pili na kulifunza gari namba zake kila anapobadilisha. Magari mengine hujifunza yenyewe yakiendeshwa kwa dakika chache, na mengine hudai kifaa cha fundi. Anaweza pia kununua vihisi vinavyoandikwa namba zile zile za seti ya kwanza, hata gari lisitambue kuwa limebadilishiwa viatu. Au anaweza kufanya nilivyofanya mimi: kuacha bila, na kuivumilia taa hadi Pasaka.

Sasa nirudi kwenye isimu. Mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce, aliyeaga dunia mwaka wa 1914, aligawa ishara katika mafungu matatu. Kuna ishara ya mfano, ambayo hufanana na kitu chenyewe, kama picha ya ng'ombe inavyofanana na ng'ombe. Kuna ishara ya dalili, ambayo ina uhusiano wa sababu na matokeo na kitu chenyewe, kama mawingu ya methali yetu. Na kuna ishara ya makubaliano, ambayo haina uhusiano wowote na kitu ila kwa kuwa watu wamekubaliana, kama maneno mengi ya lugha. Taa ile ya gurudumu inayakusanya mafungu yote matatu mahali pamoja. Kile kilichofanana na chungu ni mfano wa tairi lililokatwa katikati. Alama ya mshangao ni ya makubaliano. Na kule kuwaka kwake ni dalili, kwa sababu husababishwa na upungufu wa hewa.

Lakini sivyo kila mara. Wanafunzi wa shule za upili wanafahamu vitawe, yaani maneno yenye maana zaidi ya moja, kama vile paa. Taa hii nayo ni kitawe. Katika magari mengi ya aina ya langu, ikiwaka mara moja na kutulia, inasema: gurudumu lako lina upungufu wa upepo. Ikimetameta kwanza kwa dakika moja hivi ndipo itulie, inasema jambo jingine kabisa: siwezi kukupa habari za magurudumu yako. Dakika ile ikipita, kauli hizo mbili hufanana machoni kama shilingi kwa ya pili. Anayekuja baadaye huona taa inawaka, basi. Ile ya kwanza inazungumzia tairi, na ya pili inazungumzia ujinga wa gari juu ya tairi. Na ajabu ni kwamba wengi wetu huiogopa ile ya kwanza na kuidharau ya pili, ilhali ya pili ndiyo inayomwacha dereva gizani.

Niliizoea taa ile. Kufikia Desemba sikuiona tena, kama mtu asivyoiona pete yake mwenyewe kidoleni. Tena nilipata hoja ya kuidharau. Mwanafunzi mmoja alinieleza kuwa wakati wa baridi taa za namna hiyo huwaka hata katika magari yenye vihisi, kwa sababu ya baridi yenyewe. Alisema kweli. Hewa iliyofungiwa mahali pamoja, ikipoa, shinikizo lake hushuka. Ni kanuni tunayofundishwa katika fizikia ya shule ya upili. Tairi lililojazwa bari 2.4 kwenye halijoto ya nyuzi 20, yaani kama paundi 35 kwa kipimo cha vituo vyetu vya petroli, asubuhi ya nyuzi 5 chini ya sufuri litakuwa na bari 2.1 hivi, ambazo ni paundi 31, pasipo na tundu lolote. Kila nyuzi 10 zinazoshuka huondoka na karibu paundi moja na nusu hadi mbili. Walakini hoja hiyo ingenifaa kama ningetoka nje na kipimo nikayaongeza upepo. Mimi niliigeuza kuwa mto wa kulalia.

Mke wangu na binti yetu walikuja kunitembelea wakati wa Krismasi. Siku ya kurudi kwao, mapema Januari, tuliondoka alfajiri kuelekea uwanja wa ndege wa Nürnberg, safari ya kilomita 80 hivi kwa barabara kuu, ambako magari hupita kwa kasi ambayo sisi tumeizoea tu katika sinema. Tukasimama kwanza kutia petroli. Nilipokuwa nalipa, mzee mmoja aliyekuwa akitia mafuta upande wa pili aliniita kwa mkono. Akanionyesha gurudumu la nyuma, la kulia, upande aliokuwa amekaa binti yangu. Lilikuwa limebonyea chini kama mkate uliokaliwa. Mzee mwenyewe akaleta kipimo cha pale kituoni, akakichomeka. Bari 1.3. Kwa kipimo chetu, paundi 19, mahali palipotakiwa paundi 35. Skrubu ilikuwa imezama katika raba, na upepo ulikuwa ukitoka polepole, pengine kwa siku mbili tatu.

Mzee hakuwa na maneno mengi. Aliniuliza kama gari halina taa ya kuonya. Nikamwambia inayo. Akainama, akachungulia dirishani, akaiona inawaka, kisha akanitazama kwa namna ambayo mwalimu humtazama mwanafunzi aliyefeli somo lake mwenyewe.

Kwa asiyefahamu, tairi lenye upepo mdogo halipasuki kwa sababu ya tundu. Hupasuka kwa joto. Mbavu zake hukunjika na kukunjuka kila mzunguko, na kwa mwendo wa kasi mizunguko hiyo ni mamia kwa dakika. Raba hupata moto, nyuzi za ndani huachana na raba, na tabaka likaambuka. Ndiyo maafa yale yale yaliyozaa sheria ya Marekani. Tuliliacha gari pale pale, tukaita teksi hadi stesheni, tukapanda gari-moshi. Njiani binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, akaniuliza: "Baba, mbona ile taa haikutuambia?"

Swali hilo limenikaa moyoni hadi leo. Jawabu lake ni kwamba taa ilikuwa imekwisha kutuambia, tangu Oktoba, kwamba haitatuambia. Ilipokuwa ikimetameta siku ile ya kwanza ilitangaza wazi kuwa haina macho ndani ya magurudumu yale, hivyo jukumu la kutazama limerudi kwangu. Mimi nilisikia "usiijali." Kifaa hakikudanganya. Msomaji wa kifaa ndiye aliyeshindwa kusoma, na msomaji huyo ana shahada ya uzamifu katika elimu ya maana.

Ndugu zangu walimu, jambo hili tunalijua vyema bila ya kwenda Ujerumani. Kila mwisho wa muhula tunaandika maoni katika ripoti za wanafunzi. Mwalimu anayeandika "aongeze bidii" katika ripoti zote 50 za darasa lake amewasha taa 50 za manjano. Mzazi hawezi kujua yupi anayeporomoka na yupi amepunguza alama mbili tu. Muhula wa tatu hatasoma tena. Ishara hupata maana yake kwa kutofautiana na nyingine, alivyotufunza Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916 baada ya kifo chake. Taa inayowaka daima haitofautiani na kitu chochote, kwa hivyo haisemi kitu.

Wenye magari ya ile njia ya pili, isiyo na vihisi magurudumuni, wasidhani wamepona. Mfumo wao huhitaji kufunzwa upya kila magurudumu yanapobadilishwa. Dereva hubonyeza kitufe au huchagua maagizo kwenye kioo cha gari, naye anaiambia kompyuta: hali hii ya sasa ndiyo sahihi, ikumbuke. Basi akibonyeza kabla ya kujaza upepo wa kutosha, amelifunza gari uongo, na gari litaushika uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Matairi yaliyopungukiwa yatakuwa ndiyo kipimo cha afya. Kila mwalimu aliyewahi kumfunza mtoto kosa siku ya kwanza, kisha akahangaika mwaka mzima kulifuta, anaelewa ninachosema.

Huenda msomaji wa Kakamega au Voi akauliza: haya ya theluji yananihusu nini? Yanamhusu kwa sababu magari hayo hayabaki Ulaya. Sheria yetu haimruhusu mtu kuingiza nchini gari lililotumika lililozidi umri wa miaka 8. Gari la abiria linaloletwa sasa kutoka Uingereza, kwa umri huo, limeundwa baada ya 2014, hivyo lina mfumo huu kwa lazima. Hata kati ya yale yatokayo Japani, yamo yaliyo nao. Na betri ya kihisi, ambayo imefungiwa ndani na haibadilishwi, huishi miaka kati ya 5 na 10. Fanya hesabu, msomaji. Gari linatua bandarini Mombasa wakati hasa vihisi vyake vinapokaribia kufa. Baada ya muda taa inaanza kumetameta na kutulia, nasi tunasema gari la kompyuta lina matatizo.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa fundi wangu wa jua kali jijini Nairobi. Kando ya mashine yake palikuwa na kopo la vyuma chakavu, na ndani yake nikaona vihisi vinne vya gurudumu, kimoja kimevunjika shingo. Nikamwuliza vilikotoka.

"Mwalimu, hizo ni vali za kizungu," akanijibu. "Zilikuwa zinanisumbua kuvua tairi. Nimemwekea mwenyewe vali za kawaida."

"Na taa?"

"Amesema nimzimie. Inamuudhi."

Mwenye gari hilo, nikaja kujua, ni mwalimu mwenzetu ambaye kila asubuhi huwapakia watoto wake pamoja na wa majirani kuwapeleka shuleni. Nilipomweleza fundi kazi ya vile vyuma vidogo alinyamaza kwa muda, kisha akaviokota kutoka kwenye kopo, akavipangusa. Simlaumu hata kidogo. Ni kijana hodari mno wa kazi yake, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo hilo kwa lugha aliyoielewa. Kitabu cha gari kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, pengine Kijapani. Kwake yeye, kile kilikuwa kipande cha chuma kisicho na jina, na kitu kisicho na jina hutupwa bila ya majuto. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nasi tunaozimisha taa ili tusiudhike tunayaficha maradhi ya gari letu wenyewe.

Hapa ndipo wanaisimu tunapodaiwa. Tunasema katika vituo vya petroli kwamba tunajaza upepo, na neno hilo halina ubaya, kwani kila mtu analielewa. Lakini upepo ni hewa inayokwenda, na ile iliyo ndani ya tairi imefungwa, inasukuma. Wataalamu wa sayansi wanatumia kanieneo, na hospitalini tumezoea shinikizo la damu. Mimi ningependelea shinikizo, kwa kuwa mama aliyeelezwa shinikizo la damu ataelewa mara moja shinikizo la tairi: likizidi ni hatari, likipungua ni hatari. Ama kile kifaa cha ndani, wapo wanaotaka kukiita sensa. Nawaomba wakumbuke kwamba sensa tayari tunayo, nayo huhesabu watu. Kihisi, kutokana na kitenzi kuhisi, kinatosha, na fundi wangu alikishika neno hilo siku ile ile. Wajerumani wao huunganisha maneno manne, tairi, shinikizo, udhibiti na mfumo, wakapata neno moja refu, Reifendruckkontrollsystem, na hata mtoto wa shule akilisikia mara ya kwanza hukisia linahusu nini.

Kwa manufaa ya wanaomiliki magari ya namna hii, nitaje machache niliyojifunza kwa gharama. Gari likiwashwa, itazame taa kwa dakika nzima ujue ni kauli ipi kati ya zile mbili. Unapobadilisha matairi, mwambie fundi mapema kuwa mna kihisi nyuma ya vali, asikivunje. Ukinunua kipya, hakikisha kimeundwa kwa ajili ya gari la soko lile lile, kwani vihisi vya Ulaya hutangaza kwenye mawimbi ya megahezi 433, na vya Marekani aghalabu kwenye 315. Gari halitamsikia anayezungumza katika stesheni nyingine. Ukiyahamisha magurudumu kutoka mbele kwenda nyuma, fahamu kwamba gari lisipofunzwa upya laweza kukwambia kweli mahali pasipo pake, likataja gurudumu la mbele ilhali lililoumia ni la nyuma. Tena upime upepo asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Ukosefu wa fedha za vihisi si dhambi, lakini asiyekuwa navyo anunue kipimo cha mkono, akitumie kila wiki.

Mimi mwenyewe nilinunua vihisi vinne Januari ile ile, nikatoa kwa uchungu fedha nilizodhani Oktoba nimeziokoa. Gari lilifunzwa namba zake, na taa ikazimika kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi yaanze. Nilipoondoka nilimwuzia mgeni mwingine aliyekuja kufundisha, nikamwandikia kwenye karatasi kauli mbili za ile taa, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani.

Kwa walimu wa fizikia na wa Kiswahili ninalo ombi moja. Mkiweza, ungeni vipindi vyenu viwili siku moja, mwatoe wanafunzi nje hadi kwenye basi la shule wakiwa na kipimo cha upepo. Wapime alfajiri, wapime tena saa nane mchana gari likiwa limesimama pale pale kivulini, waandike tofauti na waeleze sababu yake kwa Kiswahili sanifu. Kisha wamwombe dereva awashe gari, wasome taa moja baada ya nyingine, wakiuliza kila moja inasema nini, na kama bado ina uwezo wa kusema.